Mbizi za Mchana

Mtoto wa mjukuu wangu alizaliwa akiwa hajui kwamba kupumua ni kazi ya kila siku. Alikuwa akivuta pumzi, anavuta, anavuta, halafu anasahau. Si kwamba amechoka. Dokta Noel alinieleza mara mbili, maana aliona namtazama mdomo badala ya kumsikiliza. Mtoto aliyekuja kabla ya miezi yake, alisema, kichwa chake bado kinadhani kimo tumboni, na tumboni hakuna kazi ya kupumua, mama ndiye anayepumua. Kwa hiyo anasahau. Akiguswa unyayo anakumbuka. Baadaye anasahau tena.

"Basi ni kumkumbusha tu," nikasema.

"Ni kumkumbusha tu, Mzee Mjaka. Mchana na usiku, mpaka ajue mwenyewe."

"Na asipokumbushwa?"

Dokta akavua miwani akaifuta kwa upindo wa koti lake.

Mjukuu wangu Khairat alikuwa wodi ya pili. Presha ilimpanda akawa anaona ukungu, wakampasua kumtoa mtoto, na sasa hakuruhusiwa hata kukaa kitako. Binti yangu Asya, mama yake Khairat, hakubanduka hapo kitandani. Mume wa Khairat, Mmanga, yuko Maskati anaendesha lori. Aliyestahiki kumbeba mtoto ni Bi Mwanabaraka, mama yake Mmanga. Alikuja kutoka Makangale na kanga mpya na mafuta yake ya nazi, na alipofika mlangoni akakohoa. Sista Domitila akamrudisha palepale. Kifua chenye kikohozi hakiwekwi mtoto kama yule.

Nikabaki mimi. Nilikuwa nimepita Pemba kuwasalimu, mkoba wangu haujafunguliwa. Mimi ni mtu wa kupita. Tangu ujana sijalala kitanda kimoja mwezi mzima.

Dokta Noel na wenzake walikuwa na utafiti wao. Wanajua, alisema, na dunia nzima inajua, kwamba mtoto njiti akifungwa kifua kwa kifua na mtu mzima, ngozi kwa ngozi, anapata joto na anakua. Wasichokijua vizuri ni hiki: je, pumzi ya yule anayembeba inamkumbusha mtoto kupumua? Ile kupanda na kushuka kwa kifua, mtoto anaisikia? Kwa hiyo wanamvalisha mbebaji mkanda mwembamba wa kuvutika chini ya matiti, na mtoto kijikanda chake, kama hirizi, na mikanda yote miwili inapeleka habari kwenye mashine. Khairat alielezwa yote akiwa amelala pale, akaulizwa kama anakubali au hakubali, akaambiwa kwamba akikataa mtoto atatibiwa vilevile. Akasema anakubali. Akasema pia, "Mpeni Babu. Hajawahi kukaa mahali. Safari hii akae."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimevuliwa shati katika chumba cha wanawake.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, madirisha yanatazama minazi na paa la bati la jikoni, na vitanda vimepangwa kama kwenye meli ya abiria. Kila kitanda mama mmoja na mtoto wake kifuani. Mwanamume humo hana mahali, wala mimi sikulalamika kwa hilo, nimezaliwa kisiwa hiki. Sista Domitila akanipa kitanda cha pembeni, akaunga kanga kwa pini, akaning'iniza pazia. Yeye ni mtu wa Bara, Mkristo, lakini ameishi Pemba mpaka mazungumzo yake yameingia chumvi yetu. Akanilaza mgongo umeinuka kwa mito, akamleta mtoto.

Nimebeba vitu vingi maishani. Magunia ya karafuu, matenga ya papa wakavu, injini ya mashua mabegani. Sijawahi kubeba kitu chepesi kiasi kile ambacho kilinizuia nisijongee. Alikuwa kama sahani ya uji iliyojaa. Kichwani kofia ya pamba, puani mirija miwili laini iliyofungwa kwenye kofia ile, na mrija mwingine mwembamba wa kupitishia maziwa ya mama yake na dawa. Mapafu yake bado yalikuwa yanagandana kama karatasi mbichi, alisema Sista, na ule upepo wa puani ndio unaoyazuia yasijifunge. Upepo ukishapita kwa mtoto unakwenda kuishia kwenye chupa ya maji kando ya kitanda, na maji yanachemka bila moto. Bwabwa, bwabwa, bwabwa. Kila kitanda kina chupa yake. Chumba kizima kilikuwa kinachemka polepole.

Adhana nilimsomea juu ya kofia, kwa sauti ya chini, maana Sista alinikataza kuigusa. Alisema nguo ile haizibi kitu. Nikamwamini.

Wanawake sikuwaona sura, niliwajua kwa sauti. Mkubwa wao kwa maneno alikuwa Asma, wa Kojani, kitanda kilicho jirani na pazia langu.

"Babu," akaita siku ile ya kwanza, "umejifungua salama?"

"Salama, mwanangu. Maziwa tu ndiyo hayajatoka."

Wakacheka, lakini kicheko cha kujibana, kila mmoja akiogopa kumtikisa wa kwake.

"Usijali. Tutakukanda maji ya moto. Na uji wa pilipili manga utakunywa, hata kama hutaki."

"Na arobaini nitamaliza humu humu?"

"Humu humu. Hutoki nje, utapigwa na upepo."

Dawa ya mtoto ilipoletwa, Sista akaeleza kuwa ni ndugu yake kahawa, inauamsha ubongo usisahau kupumua. Asma akasikia. "Kumbe na huyu ni mtu wa barazani kama babu yake," akasema. "Mpe na kashata."

Basi nikalala pale. Usiku mimi ni mtu wa macho, miguu hunikumbusha njia zake na usingizi hauji, kwa hiyo usiku nilimsikiliza tu mtoto kifuani, tumbo lake linavyocheza kama koo la kenge mdogo, na mashine haikusema neno. Usingizi wangu mimi huja mchana, baada ya adhuhuri, jua linapokuwa jeupe na kuta zinapumua joto. Hapo maji ya chupa yalikuwa yananichukua. Kwanza nilikuwa nasikia chupa yangu, halafu chupa za wote, halafu chumba kinang'oa nanga.

Nilikwenda mbali sana nikiwa nimelala pale. Nilipita tena ile njia ya mchanga mwekundu kusini, nikavuka Ruvuma kwa mtumbwi na mwenye mtumbwi hana uso. Nilifika kwa mama mmoja wa Palma aliyeniuzia muhogo wa kuchoma, naye akanitazama kifuani akasema, mtoto wako ana usingizi. Nilitembea juu ya paa za mji ambao siujui. Na kila mara, mwisho wa safari, nilifika baharini, upande wa kisiwa cha Fundo, kwenye maji ya kijani nilikofanyia kazi ujana wangu wote.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga mbizi kutafuta majongoo wa bahari. Hatukuwa na chupa za hewa wala nini. Unavuta pumzi, unaachia nusu, unakwenda. Chini majongoo wamelala kimya kama makubazi mlangoni mwa msikiti, na wewe unaokota, na kifua kinakuomba na wewe unakiambia bado. Ufundi wote uko hapo, kwenye ile bado. Katika ndoto nilikuwa natelemka vilevile, mwili mwepesi, jua juu yangu limekuwa sarafu, na hakuna mahali duniani nilipopata kutulia kama pale.

Mara mashine ikalia.

Nilizinduka nikakuta mkono wa Sista Domitila umo ndani ya shuka, unampiga mtoto unyayo kwa kidole. Mtoto alikuwa rangi ya majivu na midomo imeingia buluu. "Haya, mama, haya," Sista alikuwa anasema, bila haraka, kama anayeamsha mtu wa kwenda shule. "Haya, rudi." Mtoto akakunja uso. Akavuta. Rangi ikarudi kuanzia masikioni.

"Amesahau?" nikauliza.

"Amesahau. Ndiyo walivyo."

Siku ya pili yake mchana akasahau tena, na zamu hii alikawia kurudi. Siku iliyofuata pia, mpaka wakambania kipulizo usoni kumpa pumzi za mkono. Nikamsikia Asma anaomba dua kwa mnong'ono.

Bi Mwanabaraka alikuwa anakaa nje chini ya dirisha langu, kwenye mkeka, amejifunga leso mdomoni kwa ajili ya kile kikohozi. Habari zikamfikia.

"Kunani humo ndani, Mjaka? Ntoto kafanyaje?"

"Amesahau kidogo. Amerudi."

"Saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

"Na jana?"

"Vilevile."

Akakaza leso mdomoni. "Saa hiyo ina wenyewe," akasema. Kesho yake akamleta mwalimu wa kijijini kwao, akaandika kombe, aya zilizooshwa kwa maji ya kunywa, likaletwa kwenye kikombe mpaka dirishani. Sista akasema mtoto hawezi kupewa kitu kingine chochote tumboni. Nikalinywa mimi kwa niaba yake. Lilikuwa na harufu ya zafarani.

Mchana ule akasahau kuliko siku zote.

Dokta Noel akaja akasimama miguuni pangu. Kijana mzuri yule, mrefu, anaamkia kwa adabu hata akiwa na haraka. "Shikamoo Mzee. Nitasema ukweli. Ikiendelea hivi hatutaweza kumweka hapa. Itabidi apelekwe Unguja, akawekwe mrija kooni, mashine impumulie kabisa."

"Basi apelekwe."

"Njiani ndiko ninakokuogopa. Boti au ndege, kwa hali hii, sina hakika atafika." Akaushika mguu wa kitanda. "Nipe mpaka kesho. Kuna kitu nataka kukitazama."

Nilimwangalia mtoto. Alikuwa amelala amegeuza shavu, kiganja kimekaa juu ya nywele zangu nyeupe za kifuani kana kwamba ameshika nyasi asichukuliwe na maji. Asya alikuja akasimama kwenye pazia, akaniuliza amwambie nini Khairat. Nikamwambia amwambie mtoto amelala. Ilikuwa kweli.

Kesho yake Dokta alirudi na kile kioo cha mkononi wanachokiita kishikwambi, akavuta kiti akakaa ndani ya pazia langu. Kusoma nimejifunza vipande vipande, darasa hili kisiwa hiki, lile bandari ile, lakini alichonionyesha hakikuhitaji shule. Ilikuwa mistari miwili inakwenda sambamba.

"Wa juu ni wako, Mzee. Wa chini ni wake."

Wangu ulikuwa mawimbi makubwa ya uvivu. Wake mawimbi madogo yenye pupa, yanasimama kidogo, yanaendelea. Akapitisha kidole, saa zikapita mbele yetu. Usiku wote tunakwenda vizuri, mimi na yeye, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Ukaja mchana. Mstari wangu ukapanda mara moja, juu sana, ukashuka nusu. Kisha ukalala. Ukawa kamba iliyovutwa. Tukangoja. Mawimbi madogo ya chini yakawa yanapungua, yanapungua, na yenyewe yakalala.

Akanionyesha na siku nyingine. Vilevile. Na nyingine.

"Hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nimelala."

"Najua umelala. Unaota nini?"

Nikaona aibu kama aliyefumaniwa. "Napiga mbizi," nikasema.

Sauti ya Asma ikaja juu ya pazia. "Dokta, huyo n'ntu wa majongoo. Baba yangu Kojani ndivyo alivyokuwa. Mama akimpiga viwiko kitandani, anadhani ameshafiwa."

"Ahsante, dada Asma," akasema Dokta. Akanigeukia. "Sitaki kubishana na ndoto yako. Lakini watu wazima wengi, hasa wanaokoroma, koo linajifunga wakiwa usingizini na pumzi inasimama. Wenyewe hawajui. Wewe na huyu mnapatwa na jambo moja, sababu mbalimbali."

"Koo langu halijifungi. Mimi nazuia."

"Kifua chake yeye hakijui tofauti, Mzee."

Chupa ilikuwa inachemka. Nikautazama mstari ule uliolala, nikakumbuka utamu wa pale chini, ile bado.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemzamisha."

"Sijasema hivyo. Siwezi kusema. Watoto kama huyu husahau hata bila mtu. Ndiyo maana tunapima."

"Lakini wewe unaonaje? Si kwa kupima. Wewe."

Akafikiri. "Ninaona usilale naye kifuani."

Wakamtoa. Wakamweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, na mimi nikavaa shati nikakaa kando, mikono yangu haijui pa kukaa. Kifua kilinibaridi mahali pale alipokuwa. Na ndani ya lile sanduku, peke yake, bila mbizi ya mtu yeyote, alisahau na kusahau mpaka jua linakaribia kuchwa Sista Domitila akawa hana nafasi ya kwenda kunywa maji. Kifuani kwangu alisahau mchana tu. Humo alisahau kila alipoachwa.

Nikamwendea Dokta. "Nirudishie," nikasema. "Asya amchukue alfajiri mpaka jua lipande, saa hizo Khairat ana usingizi mzuri. Hapo mimi nitalala nje huko, nizame nitakavyo. Zilizobaki zote nipe mimi. Sitalala."

"Mzee, mtu hawezi kujiamrisha asilale."

"Nimekesha melini na usukani mkononi, na huko mtu akisinzia wanakufa wengi."

Akamtazama Sista. Sista akasema, "Nitamchungulia mara kwa mara. Akisinzia nitamwamsha mimi." Nadhani alikuwa amechoka na lile sanduku.

Kukesha usiku hakukunishinda. Kazi ilikuwa mchana. Jua likishakuwa jeupe na maji yakianza kunivuta, niligundua kitu ambacho ningepaswa kukijua siku zote: mtu anayezungumza hawezi kuzuia pumzi. Chini ya maji hakuna maneno. Basi nikawa nazungumza. Nilimwambia yule mtoto kila nilikopita, kwa sauti ya chini, mdomo wangu karibu na kofia yake, neno moja linavuta jingine. Nilimwambia habari za mji ambao maji ya kunywa yanaletwa na punda, na za mji ambao punda wanavishwa suruali. Nilimwambia habari za kisiwa ambacho usiku mchanga wake unawaka ukiukanyaga, na za mtu niliyefanya naye kazi ambaye alikuwa anajua lugha saba na katika zote saba alikuwa mwongo.

Nilidhani nazungumza na mtu mmoja. Kumbe chumba kizima kilikuwa kinasikiliza.

"Babu," akauliza Asma siku moja, "huyo mama wa Palma."

"Ndiyo."

"Alikuwa nani hasa?"

"Muuza muhogo."

"Muhogo tu?"

"Na pilipili."

"Haya. Mwachieni babu wa watu, kasema pilipili."

Sauti nyingine, ya mama kijana ambaye mtoto wake ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote humo ndani, ikasema taratibu, "Endelea, Babu. Wangu akikusikia anatulia." Nikaendelea. Siku nyingine sikujua tena kama nasimulia au naota, maneno yalikuwa yanatoka yenyewe na mbele ya macho yangu pazia la kanga lilikuwa linageuka tanga, linageuka ukuta wa nyumba ya mtu, linageuka kanga tena. Lakini sauti yangu niliisikia, na maadamu naisikia nilijua bado niko juu ya maji. Mashine haikulia mchana. Ililia kidogo alfajiri kwa Asya, ikanyamaza. Safari ya Unguja haikutajwa. Mtoto akaanza kuongezeka, Sista akisema gramu kadhaa kana kwamba anatangaza mavuno.

Ikaja siku ya mvua. Ilinyesha tangu asubuhi juu ya lile paa la bati, mvua nzito ya masika, na ilipofika mchana giza la mawingu likaingia chumbani na chupa zikawa hazisikiki, zimemezwa na kishindo cha mvua. Wanawake wote walikuwa wamelala. Nilikuwa namsimulia mtoto habari ya mto mmoja. Nikamwambia mto ule ni mpana, ukisimama ng'ambo hii huoni ng'ambo ile. Nikamwambia watu wake wanavuka wakiwa wamefumba macho. Sikumbuki kumwambia kitu kingine.

Nikawa chini. Maji yalikuwa ya kijani, kisha ya buluu, kisha hayana rangi. Safari hii nilikwenda naye, amefungwa kifuani vilevile kwa shuka la hospitali. Majongoo walikuwa wamejaa hata mchanga hauonekani. Nikaanza kuokota. Kifua kikaniomba, nikakiambia bado. Kikaniomba tena. Nikainamisha uso nimtazame mtoto, nikaona fundo la shuka limelegea na shuka ni tupu. Nikatazama juu. Alikuwa anapanda. Mdogo, mweupe kwa mwanga, miguu yake inapiga kama ya chura, mapovu yanamtangulia, wala hageuki kutazama nyuma. Nikataka kumwambia ningoje. Chini ya maji hakuna maneno.

Nilizinduka kwa mkoromo wa mtu anayeopolewa. Mvua ilikuwa imepungua. Mashine ilikuwa kimya.

Ule ukimya ndio ulionimaliza. Nilijua nimelala, na nilijua nimezama mbali kuliko siku zote, na nilijua kwamba mashine inanyamaza kwa namna mbili: mtoto akiwa anapumua, au ikizimwa kwa kuwa hakuna tena wa kupimwa. Sikufunua shuka. Nikaita, "Sista."

"Niko hapa."

Alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya pazia, macho yako kwenye kioo cha mashine, mkono wake umeingia chini ya shuka hadi karibu na unyayo wa mtoto. Karibu tu. Haukumgusa.

"Nililala," nikasema.

"Ulilala. Nilikuja kukuamsha."

"Mbona hukuniamsha?"

"Nilimkuta anaendelea," akasema Sista Domitila. "Wewe umesimama, yeye anaendelea. Nikasema nimngoje kidogo. Kidole changu kiko hapa hapa. Ukarudi, ukazama tena. Nilitaka kukupiga kofi, Mzee, nakwambia kweli. Lakini nikimtazama huyu, anaendelea na mambo yake."

"Ni mzima?"

"Mfunue uone."

Nikafunua. Alikuwa mwekundu na amekunja uso, anauma ulimi wake kama mtu anayehesabu. Tumbo lake linacheza. Nikatia kidole katika kiganja chake akakibana.

Jioni Dokta Noel akanionyesha mistari. Wa juu umelala, kamba ndefu kuliko zote. Chini yake mawimbi madogo, si yote sawa, mengine yamejikwaa, lakini yanakwenda, yanakwenda, mpaka mwisho wa kioo.

"Hakukufuata," akasema.

Nilifurahi. Na ndani ya ile furaha mlikuwa na jambo dogo, kama la mtu aliyebaki gatini na mkoba wake akitazama chombo kinaondoka. "Sasa utaandika nini kwenye utafiti wako?" nikamuuliza. "Tulimsaidia au hatukumsaidia?"

"Nitaandika tulichokiona. Bado wako wengine wengi wa kuwapima." Akatabasamu. "Na wewe utanijia Jumatatu, nikupime usingizi wako. Usiponijia nitamwambia Bi Mwanabaraka."

Walimpunguzia upepo kidogo kidogo, kisha wakautoa. Chupa yetu ilipozimwa sikuweza kuzoea. Masikio yalikuwa yanaitafuta. Kofia ikavuliwa, na kumbe ana nywele nyingi, nyeusi, zimelala kama amepakwa mafuta. Na presha ya Khairat nayo ikashuka, akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, macho yamekuwa makubwa. Ilikuwa saa zile zile za baada ya adhuhuri. Sista akamfungulia nguo, akachukua mtoto kwangu, akamweka kwa mama yake, akafunga shuka. Nikavaa shati.

Khairat alikuwa amekaza shingo, hathubutu hata kumeza mate.

"Babu," akanong'ona. "Nikilala je?"

"Lala."

"Na yeye?"

"Lala, Khairat. Umechoka."

"Asma kanambia habari zako zote."

"Asma ana maneno mengi."

"Nasikia," ikasema sauti upande wa pili.

Khairat akacheka kidogo, na kicheko kikamlegeza, na baada ya hapo usingizi ukamchukua hatua kwa hatua, kwanza mikono, kisha mdomo. Nikabaki kwenye kiti cha Sista. Miguu yangu ilikuwa inawasha, inataka njia. Nikaiambia ingoje. Nilitazama kifua cha mjukuu wangu kinavyopanda na kushuka, kwa kina, kwa uzito wa mtu ambaye hajalala siku nyingi, na juu yake kile kigongo kidogo chini ya shuka, kinacheza kwa mwendo wake mwingine kabisa.

Kisha kigongo kikasimama.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye shuka, umeshaupata ule unyayo, baridi kidogo, laini kama ulimi. Kabla sijaugusa sawasawa akavuta mwenyewe, akapiga mwayo, akaendelea.